Mwenye Mashine wa Kilole

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa swali: nani kasema? Ukimwambia mvua haitanyesha mwaka huu, atauliza nani kasema. Ukimwambia mwanamke hashiki spana, nani kasema. Na ukimwambia, kama nilivyotumwa mimi kumwambia zaidi ya mara moja, kwamba serikali imekataza jambo fulani, alifuta mikono kwenye kanga, akakutazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia njia ya kwenda Segera: nani kasema? Ukishamtajia aliyesema, bado alisubiri. Kwake yeye jina la mkubwa halikuwa jibu.

Nilimfahamu miaka mingi, tangu wakati wa ile vita kubwa ya pili hadi karibu na mwisho wa utawala wa Mwingereza. Mimi nilikuwa karani na mkalimani katika boma la Korogwe. Yeye alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pale Kilole. Jina lake nalijua lakini silitaji, kwa sababu mwenyewe hakutaka liandikwe. Siku ya kwanza nilipofungua daftari ili nimwandikishe, aliufunika ukurasa kwa kiganja. Alisema jina likishaingia kwenye kitabu cha boma halitoki tena, litaitwa kila siku. “Andika mwenye mashine,” akaniambia. “Mashine iko moja, hamtanipoteza.” Nikaandika hivyo, na mji mzima ulimwita hivyohivyo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na juu ya kanga alivaa koti la kaki la marehemu mumewe, masika na kiangazi. Mifukoni mwa koti hilo mlikuwa na spana, kitambaa, tumbaku ya kutafuna na misumari. Alisali sala zake zote, na kila mara alilalamika kwamba mafuta hayatoki kwenye kucha hata atawadhe vipi. Kwa ukali hakuwa na mwenzake. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine, sikumsikia akisifiwa hata siku moja. Lakini huyo mama mkali aliogopa vyura. Masika, vyura walipoingia kwenye kibanda cha mashine, alipanda juu ya magunia na kukaa huko akitoa amri, mpaka wanawake wawatoe kwa fagio. Hakuona aibu. Alisema kila mtu ana haki ya kuogopa kitu kimoja, naye amechagua chake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuokotwa. Mumewe alikuwa fundi wa injini kwenye shamba la mkonge, mpaka siku chuma kilipomwangukia mguuni na kuusaga. Tajiri wa shamba, badala ya kumlipa kilema chake, alimwambia achukue injini mbovu iliyotupwa nyuma ya stoo. Alidhani anafanya mzaha. Mke akawaomba majirani, wakaisukuma juu ya magogo hadi Kilole. Kwa miaka miwili mume alikaa kitini na mguu wake, akielekeza, na mke alifungua na kufunga. Mume alipofariki, mke aliijua ile injini kuliko alivyolijua jiko lake.

Ilikuwa injini ya zamani, ya silinda moja, yenye gurudumu zito la chuma ubavuni. Haikuwaka kwa kuzungushwa tu. Ilibidi kwanza kichwa chake kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, ndipo gurudumu lisukumwe. Marehemu alikuwa amemwambia mkewe kwamba injini ya namna hiyo haina maringo, itakula chochote kinachoungua. Nadhani alisema hivyo kumfariji tu. Mwenzake aliliweka neno hilo moyoni.

Vita ilipopamba moto, dizeli na mafuta ya taa vilianza kutolewa kwa kibali. Kibali cha dizeli kilikwenda kwenye mashamba ya mkonge, kwa kuwa mkonge ulitakiwa kwa kamba za meli na za jeshi. Mashine ya Kilole haikupata hata chupa. Mimi ndiye niliyempelekea habari hiyo. Aliuliza nani kasema, nikamtajia, akasubiri, nikaondoka.

Wiki chache baadaye nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha boma nikaisikia mashine inanguruma. Moshi wake ulikuwa mweupe na ulinuka ajabu, kama kitu kilichokaangwa na mtu asiyejua kupika.

Alikuwa amejaribu mbegu nyingi. Alianza na nyonyo, lakini mafuta yake ni mazito, injini ikakohoa na kunyamaza. Akajaribu mbegu za msufi, zikakubali, ila hazikutosha. Mwisho akageukia mbono, ile miti ya ua ambayo kila nyumba ilikuwa nayo na ambayo watu huipanda makaburini. Mbegu zake haziliwi, mtoto akizitafuna hutapika mchana kutwa. Mbuzi haugusi mti ule. Hakuna aliyewahi kuutaka kwa chochote zaidi ya kuzuia kuku wa jirani.

Wanawake walizianika mbegu, wakazitwanga, wakazichemsha kwenye pipa, wakaengua mafuta yaliyoelea juu. Hapo ndipo kazi yake mwenyewe ilipoanza. Aliyapasha tena ili maji yatoke, na kupima alidondosha tone kwenye chuma cha moto. Likirukaruka, bado. Likilala kimya, tayari. Kisha aliyaacha yatulie wiki nzima, akayachuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nne. Debe la mafuta alilifunga kwa waya karibu na bomba la moshi ili yabaki ya moto na mepesi. Na kila alipotaka kuizima, dakika za mwisho aliinywesha mafuta kidogo ya taa, ili iamke na koo safi, kama alivyosema. Hayo mafuta kidogo ya taa aliyapata kwa kutowasha taa nyumbani kwake. Mtu aliyekamua mafuta mapipa kwa mapipa alikula chakula chake cha jioni kwa mwanga wa kuni.

Mtu akija kusaga alikuja na mahindi kichwani na mbegu za mbono kwenye ncha ya kanga. Ndiyo malipo aliyoyataka.

Kuna jambo moja ambalo hakulikubali kabisa. Mwaka wa ukame, bwana mmoja wa Handeni alishuka na magunia ya ufuta, akamwambia ufuta una mafuta mengi kuliko mbono na hauzibi bomba. Ilikuwa kweli, hata mimi nilijua. Alimwacha amalize maneno yake yote, kisha akamwambia mashine haina tumbo la kuuma, auteremshe ufuta wake sokoni wakaupate wenye matumbo. Yule bwana alicheka, akidhani anataka bei ipunguzwe. Alimfukuza kwa fagio lile la vyura.

Ukame huo ulikuwa mbaya. Handeni mashamba yalikauka yakiwa bado na kimo cha goti, na hata huku bondeni watu walikula mara moja kwa siku. Serikali ilileta mahindi ya njano kwa treni, magumu kama kokoto. Mama aliyekaa na njaa wiki mbili hana mikono ya kutwanga mahindi yale. Wanawake wakajipanga Kilole tangu alfajiri.

Wakati huohuo tajiri wa shamba la mkonge alipungukiwa na dizeli. Korona, mtambo wa kuchunia mkonge, ikawa inasimama siku tatu kwa wiki. Akasikia habari za mbono. Akaenda kwa Bwana Shauri, afisa wa boma, kijana Mwingereza aliyekuwa hajamaliza mwaka Korogwe, na amri ikaandikwa: mafuta yote ya mbono yapelekwe shambani, na mashine ya Kilole ifungwe mpaka vita iishe. Mwenye mashine akaitwa bomani.

Alikuja na koti lake, akakataa kukaa. Bwana Shauri alisoma amri kwa Kiingereza, nami nikaieleza. Kisha akatakiwa ajibu. Alisema hivi, na maneno hayo sijayasahau:

“Mwambie watoto wa Kilole hawali kamba. Mwambie mbegu hizi wameziokota wanawake kwenye nyua zao, mmoja mmoja, na sikumwona yeye wala tajiri wake akiinama kuokota hata moja. Mafuta sitoi, na mashine sifungi.”

Nilikuwa na mke na watoto wawili, na mshahara wangu ulitoka mezani pale. Nikamwambia Bwana Shauri kwamba mama huyu ameelewa amri na anaomba apewe muda kidogo. Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, kwa wema.

Mwenye mashine hakujua Kiingereza, lakini nyuso alizijua. Alimtazama Bwana Shauri, akanigeukia mimi.

“Karani, uso wake haujabadilika. Hukumwambia nilivyosema.”

Nikaliinamia daftari langu.

“Mwanangu, mimi sikukuomba unifiche. Mwambie.”

Nikamwambia yote, pamoja na kamba na kuinama. Uso wa Bwana Shauri ukawa mwekundu hadi masikioni. Akaniuliza ni lipi kati ya hayo mawili ambalo mama huyu amelisema hasa. Nikajibu ni hili la pili. Mwenye mashine aliutazama ule uso, akaridhika. “Sasa amesikia,” akasema, akanyoosha mikono mbele apelekwe anakopelekwa.

Akawekwa mahabusu. Askari wakaenda Kilole, wakaifunga mashine kwa waya na muhuri wa risasi wa serikali.

Siku ya tatu asubuhi wanawake wa Kilole walipanda bomani. Sikuwahi kuona kitu kama kile na sidhani nitaona tena. Walikuja na vinu vichwani. Wakavitua uani, mbele ya bendera, wakamimina mahindi ya njano, wakaanza kutwanga. Hawakuimba, hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Walitwanga tu. Tarishi alipotumwa kuwaondoa, mama mmoja alimjibu kwamba mashine imefungwa kwa amri, na wao wametii amri, wanatwanga. Kama kuna amri nyingine inayosema wasile, aisome.

Ndani kazi haikuwezekana. Meza zilitikisika. Kesi ya shamba iliyokuwa mbele ya Bwana Shauri iliahirishwa kwa sababu shahidi hasikiki. Mchana akanituma nikawaambie waondoke. Nikatoka, nikawaambia kama alivyosema, nikarudi nikamwambia kama walivyosema: wataondoka wakisikia mashine inalia. Hapo nikagundua kwamba kusema jambo kama lilivyo ni kazi nyepesi kuliko niliyokuwa nikiifanya miaka yote.

Kesho yake wakarudi, na vinu vikaongezeka. Jioni ile Bwana Shauri akamfungulia. Hakufuta amri yake, aliiacha tu isizungumzwe tena, na waya wa serikali ukakatwa na askari yuleyule aliyeufunga. Mwenye mashine alipotoka mahabusu hakuelekea nyumbani. Alimwona bibi mmoja amebakiwa na nusu ya kinu, akachukua mchi mikononi mwake, akatwanga mpaka ukaisha, Bwana Shauri akiwa amesimama dirishani. Ndipo akavaa koti lake vizuri akaondoka nao.

Mimi nililipa kwa namna yangu. Nilihamishiwa Handeni, kusimamia ugawaji wa mahindi ya njaa. Huko ndiko nilikoelewa alichokuwa anakipigania. Kina mama walikuwa wanasaga mahindi yale juu ya jiwe, mchana kutwa kwa chakula cha mlo mmoja, na wengine walikuwa wakiyachemsha mazima na watoto wakaumwa matumbo. Na kila nyumba ilikuwa na ua wa mbono, mbegu zimedondoka chini hakuna anayezijali.

Nikampelekea ujumbe. Jibu lake lilikuwa fupi: mahindi yanateremka stesheni ya Korogwe, mashine iko Kilole, malori yanapanda Handeni yamejaa na kurudi matupu, sasa shida iko wapi? Basi malori yakaanza kupita Kilole kwanza. Mahindi yakapanda yakiwa unga, na malori yakarudi na magunia ya mbono waliyookota watu wa Handeni. Kwenye karatasi za serikali hakukuwa na mbono wala mashine. Mimi ndiye niliyeziandika karatasi hizo, na nilijua ninachofanya. Si mahindi yote yaliyopita kwake, mashine moja haiwezi. Lakini wako watu Handeni waliovuka ule msimu kwa unga wake, na hawakumjua hata kwa sura. Mtu alipomtania kwamba sasa anaisagia serikali, alimkata kauli. Alisema yeye anawasagia wenye njaa, serikali inabeba tu magunia.

Mwaka huohuo alifanya jambo lililowaudhi wanawake wake mwenyewe. Tajiri wa shamba, baada ya kukosa mafuta yake, aliwaamuru watu wake wakamue mafuta ya mbono wenyewe. Wakayatia kwenye injini ya korona mabichi, yana maji na makapi. Siku ya pili injini ikaziba kila mahali ikafa. Korogwe yote ilicheka. Siku ya tano mwenye mashine akachukua spana zake, akaenda shambani kwa miguu, bila kuitwa. Akaifungua injini ile, akakwangua masizi, akamfundisha fundi wa kule kupasha na kuchuja. Tajiri alimletea kiti na chai. Hakukaa, hakunywa, hakupokea kitu.

Kilole walimnunia mwezi mzima. Walisema wamelala na mikono iliyochubuka kwa ajili yake, naye anaenda kumponya adui. Niliporudi likizo nilimuuliza kwa nini. Alikasirika kwamba hata mimi nauliza. Alisema korona ikisimama manamba, wale vibarua wa mkonge, hawapewi kazi, kipande chao cha kazi hakitiwi alama, na posho yao ya unga haitoki. Watu hao wametoka mbali, hawana shamba wala shangazi hapa. “Sikwenda kwa tajiri,” akasema. “Nilikwenda kwa wale waliokuwa wamekaa nje ya geti.” Nilimwambia awaeleze hivyo wanawake. Akakataa. Kama hawalioni wenyewe, wamnunie. Alikuwa hivyo, hakujitetea, na kiburi chake hicho kilimgharimu marafiki wawili ambao hawakurudi mpaka kufa.

Vita iliisha, dizeli ikarudi kwa mapipa. Wauzaji walimfuata. Walimwonyesha kwamba dizeli haina kuanika wala kuchuja, na walisema kweli. Yeye akaendelea na mbono. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia, kwa nia njema, kwamba wakati wake umepita, anajichosha. Nilidhani ataniuliza nani kasema. Badala yake alinijibu taratibu kwamba dizeli ni nzuri, ila bomba lake limeshikwa na mtu wa mbali, na mtu huyo aliwahi kulifunga watoto wakiwa na njaa. Hajaona dalili kwamba amebadilika.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimeshaacha kazi ya boma. Siku hizo kila mkutano ulizungumzia Uhuru. Nilikuwa natoka Handeni na basi la asubuhi, nikashuka Kilole kwa sababu nilisikia anaumwa. Nilipofika nilishangaa kuona uani kumejaa wanawake na vikapu vyao vya mahindi, wamekaa, wanazungumza kwa kunong’ona. Mashine ilikuwa imezimwa.

Binti yake, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, alinipokea mlangoni. Alisema mama hali vizuri, miguu imevimba, pumzi inakatika, na daktari wa Korogwe ameagiza apate utulivu. Kwa hiyo wamesimamisha kusaga tangu juzi. Watu wamekuja kumjulia hali, wengine wanasubiri tu, hawana moyo wa kwenda kusaga kwingine.

Niliingia. Alikuwa amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, koti la kaki limefunikwa juu ya shuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karani?”

“Ndiye mimi.”

Akatafuta pumzi. Kisha akaniuliza nje kuna watu wangapi. Nikamwambia ni wengi, uani kumejaa. Akauliza wamekuja na nini. Nikasita. Nilimwona binti yake mlangoni akinitikisia kichwa nisiseme. Nikamwambia wamekuja na mahindi.

“Toka lini?”

“Toka juzi, mama. Daktari kasema upate utulivu.”

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia, nikataka kuinuka. Akanishika mkono, na mkono ule ulikuwa bado na nguvu ya kufungua nati.

“Miaka yote ulikuwa unaniletea amri,” akasema. “Leo peleka yangu. Mwambie huyo mtoto awashe.”

Binti alisikia, akaanza kulia. Alisema kelele zitamuua. Mama hakumjibu yeye, alinitazama mimi, akingoja nitekeleze kazi yangu. Nikasimama, nikamwambia binti kwamba mwenye mashine anasema awashe. Nikatoka uani, nikawaambia na wanawake, neno kwa neno.

Binti alifuta uso, akaenda kibandani. Nilimsaidia kupuliza makaa chini ya kichwa cha injini. Tulipuliza kwa muda mrefu, mpaka chuma kikawa chekundu. Wanawake wawili wakashika gurudumu pamoja nasi. Likagoma mara ya kwanza, likagoma mara ya pili, ya tatu likazunguka. Kibanda kikatikisika, moshi mweupe ukapanda juu ya bati, na yule wa mbele kwenye foleni akainua kikapu chake.

Nikarudi ndani mbio. Vumbi lilikuwa linamdondokea kutoka darini, limetanda kwenye shuka na kwenye koti. Macho yake yalikuwa wazi, anasikiliza kwa makini, uso umekunjamana kama mtu aliyeudhiwa. Nikainama karibu na mdomo wake.

“Mafuta yana baridi,” akasema. “Kamwambie asogeze debe kwenye bomba.”